Rayo za pikipiki zinavunjika juu ya kulegea



Wengi wetu tuliosoma agronomi tunatoka chuoni tukijua kupima pH ya udongo, kuhesabu dozi ya mbolea na kuandika ripoti ya kurasa 40. Halafu kazi ya kwanza inakuja, na kitu cha kwanza unachopewa mkononi ni ufunguo wa pikipiki. Hapo hakuna aliyetufundisha. Kwenye somo la mashine za kilimo tulichora trakta ambayo wengi hatujawahi kuigusa, na sasa tunapanda Kabare, tunaenda Walungu, tunashuka Ngomo kuelekea uwanda wa Ruzizi, juu ya magurudumu mawili ambayo hatujui yanashikwa na nini. Na nyuma yetu mara nyingi kuna mtu mwingine amekaa, ameshika koti letu, ametuamini.

Leo nataka kuongea juu ya kitu kimoja tu: rayo. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaziita spoki. Ni zile nyuzi ngumu za chuma zinazounganisha janti na kitovu, yaani kile kipande cha katikati kinachopitisha aksi. Nimezichagua juu njo kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Mafuta ya moteri watu wanabadilisha, cheni wanakaza, breki wanaangalia. Rayo wanazikumbuka siku moja imevunjika. Tena kuna wazo moja ambalo nimelisikia kwa motari, kwa mafundi, hata kwa mainjenia wenzangu: kwamba rayo inavunjika juu imekazwa sana, kwa hiyo afadhali uiache na ulegevu kidogo ili "icheze". Mara nyingi sana ukweli uko upande mwingine kabisa. Rayo inayocheza njo inavunjika.

Tuone kwanza gurudumu lenyewe.

Pikipiki nyingi za mjini siku hizi zinakuja na janti za kumwaga, zile zenye mikono michache minene ya aluminiamu. Pikipiki za njia mbaya, kama DT 125 yenye gurudumu la inchi 21 mbele na inchi 18 nyuma, zimebaki na rayo, na usifikiri ni juu ya uzee wa muundo. Janti ya kumwaga ikigonga jiwe vibaya inapasuka, na ikishapasuka imekwisha. Gurudumu la rayo linapinda kidogo na kurudi, na likiharibika unabadilisha rayo zilizoumia tu. Deni lake ni kwamba linataka mtu wa kulifuatilia. Janti ya kumwaga unaweza kuisahau mwaka mzima, rayo hapana.

Hesabu rayo za pikipiki yako. Kwa pikipiki nyingi utapata 36. Nusu zimeshikwa upande wa kushoto wa kitovu, nusu upande wa kulia, na ukizifuata pale kwenye janti unaona zinabadilishana: moja ya kushoto, moja ya kulia, moja ya kushoto. Tena kila upande una rayo zinazovuta kuelekea mbele na zingine zinazovuta kuelekea nyuma, njo maana zinapishana kama ukindu kwenye mkeka. Mwisho wa kila rayo, pale inapoingia kwenye janti, kuna ekru ndogo ndefu. Hiyo ekru njo inakaza na kulegeza.

Sasa jambo ambalo wengi wanaliona kinyume. Watu wanafikiri pikipiki imesimama juu ya rayo za chini kama meza inavyosimama juu ya miguu yake. Lakini rayo ina unene wa milimita 3 au 4 hivi. Ukiisukuma kwa ncha inapinda. Haiwezi kubeba kwa kusukuma, inabeba kwa kuvuta. Fundi alipoijenga janti alizivuta zote 36 kabla pikipiki haijabeba hata kilo moja, kama vile tunavyovuta waya wa senyenge kati ya nguzo hadi unalia. Uzito ukija, zile rayo zilizo chini, upande unaogusa ardhi, zinapunguziwa mvuto. Kama zilikuwa zimekazwa vizuri, zinapungua kidogo lakini zinabaki zimevutwa. Kama zilikuwa zimelegea, mvuto unafika sifuri, rayo inalala ndani ya tundu lake, halafu gurudumu likizunguka inavutwa tena kwa ghafla.

Piga hesabu kidogo, sisi tumezoea. Gurudumu la pikipiki linazunguka mara moja kwa kila mita 2 hivi. Kwa kilometa 40 ni mizunguko 20.000. Kwa hiyo kila rayo, kwa safari moja ya kawaida ya kwenda shambani, inapunguziwa mzigo na kurudishiwa mara 20.000, na hapo sijahesabu mashimo na mawe. Unapotaka kukata waya na hauna pensi, unafanya nini? Unaukunja huku na huku mpaka unachoka na kukatika. Haukuuvuta kwa nguvu. Umeuchosha. Rayo iliyolegea inafanyiwa hivyo hivyo, kidogo kidogo, na inakatikia pale pale inapochoka zaidi: kwenye kona, pale inapojikunja ili ishike kitovu. Kama umewahi kuokota rayo iliyovunjika, angalia ilikatikia wapi. Mara nyingi ni kwenye ile kona.

Ikishakatika moja, kazi yake inagawiwa majirani wake. Wao pia wanachoka mbio zaidi. Njo maana mtu anakuambia "ilivunjika moja tu Jumatatu, nikaiacha, Ijumaa zikawa tano". Hakuna uchawi. Na gurudumu la nyuma njo linaumia kwanza, juu linabeba mzigo wote wa nyuma na bado linavutwa na cheni kila unapoongeza gesi. Mfuko wa mbolea ni kilo 50. Weka juu yake mtu wa kilo 60, halafu mteremko wenye mawe, halafu breki.

Kipimo chenyewe ni dakika tano, na hakihitaji mashine. Nitakieleza polepole juu hapa njo penye faida.

Osha gurudumu kwanza, au angalau toa tope. Tope likikauka kwenye rayo linaua sauti, na tutatumia sauti. Nyanyua pikipiki ili gurudumu lizunguke hewani. Kama haina stendi ya katikati, ingiza kasiye ya chupa au gogo chini ya moteri na mtu mmoja ashike gido. Kabla ya kugusa rayo, shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta upande kwa upande. Ukisikia linacheza "tok tok" pale kwenye aksi, shida yako ya kwanza ni ruloma. Gurudumu lenye ruloma mbovu litakudanganya katika vipimo vyote vinavyofuata.

Kisha tumia macho. Tafuta rayo iliyokatika, iliyopinda, au ile yenye alama ya kung'aa pale inapogusana na mwenzake, juu inaonyesha zinasuguana kwa kucheza. Angalia janti kwenye matundu ya ekru kama kuna nyufa ndogo kama nywele. Angalia pia kutu nyekundu inayotoka kwenye kona ya rayo pale kitovuni. Ikitoka kama machozi, ujue kuna kitu kinatembea pale ndani.

Sasa sauti. Chukua kle ndogo, namba 8 au 10, au bisibisi, na gonga kila rayo taratibu, moja baada ya nyingine, ukizungusha gurudumu. Gonga kati ya janti na mahali rayo zinapopishana, usigonge pale pale zinapogusana. Rayo iliyokaza inatoa sauti ya juu, safi, "ting". Iliyolegea inatoa "tok", kama umegonga kijiti. Iliyovunjika kwenye kona lakini bado imekaa mahali pake, inatoa sauti ya kufa kabisa, na ukiishika kwa vidole inazunguka.

Usitafute noti moja kwa zote kama mwalimu wa kwaya. Rayo za upande wa breki zinaweza kuwa na urefu tofauti na za upande mwingine, na rayo fupi inaimba juu zaidi hata kama mvuto ni sawa. Linganisha za kushoto na za kushoto, za kulia na za kulia. Unachotafuta ni ile inayotoka nje ya kundi. Baada ya kufanya hivyo mara tatu nne, sikio linazoea, kama vile mama anavyogonga hindi moja kwa ukucha na kujua limekauka. Kisha hakikisha kwa vidole: bana rayo mbili jirani za upande mmoja kama unataka zigusane. Zilizokaza zinakataa. Zilizolegea zinakubali.

Cha mwisho, tuone kama janti inazunguka sawasawa. Chukua kipande cha waya au bic, kifunge kwenye furshi kwa mpira, ncha yake ikaribie ukingo wa janti bila kugusa. Kwa gurudumu la nyuma kifunge kwenye ule mkono wa chuma unaoshika aksi. Zungusha polepole na uangalie mwanya kati ya ncha na janti. Unapima vitu viwili: janti inaenda kushoto na kulia kiasi gani, na inapanda na kushuka kiasi gani. Vitabu vya matengenezo vya pikipiki nyingi za Kijapani vinaweka kikomo cha milimita 2 kwa kila kimoja. Milimita 2 ni kidogo. Utaiona kwa macho kabla haujaisikia kwenye gido. Angalia janti yenyewe, usiangalie tairi, juu tairi linaweza kukaa vibaya na janti iko sawa.

Mpaka hapa haujageuza hata ekru moja. Kama hauna kle ya rayo, simama hapa, umeshapata habari unayohitaji, nenda kwa fundi. Ninasema hivyo juu nimeona ekru nyingi zilizoliwa na pensi. Ekru ya rayo ni laini na ina pande nne ndogo. Pensi ikiteleza mara mbili inakuwa duara, na hapo hata fundi mwenye kle nzuri hana pa kushika. Kle ya rayo ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Pima ekru zako kabla ya kuinunua, juu saizi zinatofautiana kati ya pikipiki na pikipiki.

Kama unayo, tuendelee. Kwanza ujue unageuza upande gani. Ekru ya rayo ina uzi wa kawaida, lakini sisi tunaiangalia kwa nyuma. Kama tairi lingekuwa limetolewa na unaangalia kichwa cha ekru kutoka nje kuelekea kitovu, kukaza ni kama mishale ya saa inavyokwenda. Tairi likiwa mahali pake, unaangalia kutoka kitovu kuelekea janti: hapo kukaza ni kinyume cha saa. Hiyo njo sababu mtu anakaza dakika kumi huku analegeza. Geuza kidogo, gonga, sikiliza. Sauti ikipanda, uko upande mzuri.

Ukikuta rayo moja au mbili tu zimelegea katikati ya zingine nzima, zikaze robo mzunguko, gonga, robo tena, mpaka zifanane na majirani wa upande wao. Ikidai zaidi ya mzunguko mmoja, simama ujiulize. Labda janti imebonyea pale pale kwa jiwe, na rayo imelegea juu janti imesogea. Labda uzi wa ekru umeliwa. Labda rayo imekatika na inakudanganya.

Ukikuta nyingi zimelegea, usizikaze kwa kufuatana, ya kwanza mpaka mwisho, halafu ya pili mpaka mwisho. Hapo unavuta kipande kimoja cha janti huku vingine vimelala, na utaona gurudumu linaanza kucheza dansi ambayo halikuwa nayo. Anza na rayo iliyo karibu na valvu, uitie alama ya chaki. Ikaze robo mzunguko. Ruka mbili, kaza inayofuata. Ruka mbili, kaza inayofuata. Yaani ya 1, ya 4, ya 7, ya 10, mpaka urudi kwenye valvu. Duru ya pili anzia ya 2, kisha ya 5, ya 8. Duru ya tatu anzia ya 3. Kwa rayo 36, duru tatu zinazimaliza zote, 12 kila duru. Uzuri wake ni kwamba kila ukiruka mbili unabadilisha upande, kushoto, kulia, kushoto, na nguvu inaingia kote kwa pamoja. Kisha unagonga tena zote. Kama bado, unarudia duru tatu kwa robo nyingine. Ni kazi ya subira, kama kupalilia.

Nguvu kiasi gani? Vitabu vya watengenezaji mara nyingi vinatoa namba kati ya Nm 3 na Nm 6, kwa kila pikipiki namba yake. Kwa lugha ya mkono: Nm 5 ni kama kuning'iniza kilo 5 mwishoni mwa kle yenye urefu wa sentimita 10. Ni nguvu ya vidole na kiganja. Ukiona unatumia bega, umepita. Na hapa niwape haki yao wale wanaoogopa kukaza: kukaza kupita kiasi kuna madhara yake. Janti inavutwa na kupasuka kwenye matundu, uzi wa ekru unang'oka, na gurudumu linakuwa gumu mpaka kila jiwe linafika moja kwa moja kwenye kitovu. Kitu kingine: ukikaza sana, ncha ya rayo inatokeza juu ya ekru ndani ya janti na kutoboa mpira wa ndani. Ukiwa umegeuza ekru moja zaidi ya mizunguko miwili, toa tairi uangalie, na uone kama ule ukanda wa mpira unaofunika ekru bado upo. Motari wengi wanalaumu mpira wa Kichina kwa pancha ambayo imetoka ndani ya janti yao wenyewe.

Kama janti inaenda upande, sheria ni rahisi. Pale inapokwenda kushoto kupita kiasi, legeza kidogo rayo za kushoto na ukaze kidogo za kulia, kwenye eneo la rayo tatu au nne, robo mzunguko kila moja. Kama inapanda juu, yaani inatoka mbali na kitovu, kaza za pande zote mbili hapo. Kama inashuka, zilegeze. Fanya kidogo, zungusha, angalia waya wako. Janti iliyobonyezwa na jiwe haitanyooka kwa rayo. Hiyo ni kazi ya nyundo na ubao kwa fundi anayejua, au ni janti mpya.

Ekru zilizoshikwa na kutu ni hadithi nyingine, na sisi agronomi tuna mkono wetu humo. Tunabeba mbolea. Urea na NPK ni mbolea zinazopenda maji. Mfuko ukitoboka kidogo, punje zinashuka kwenye janti, zinavuta unyevu, zinayeyuka, na chuma kinaliwa. Nimeona pikipiki ya mwaka mmoja na nusu ikiwa na rayo za babu. Ukibeba mbolea, osha magurudumu jioni kwa maji safi, si kesho. Na ekru ikiwa imeshika tayari, weka tone la mafuta ya kupenya, au mafuta ya moteri yaliyochanganywa na mazutu, pale rayo inapoingia kwenye ekru, acha usiku kucha. Asubuhi legeza kidogo sana kwanza ili kuvunja kutu, halafu kaza. Piga mstari mdogo wa chaki juu ya rayo: kama mstari unazunguka pamoja na ekru, haukazi kitu, unasokota rayo kama nguo.

Nimalizie hili la rayo zilizofungwa. Kwenye barabara zetu utaona gurudumu lenye rayo nne tano zimefungwa kwa waya au kwa vipande vya mpira wa ndani ya tairi. Niliwahi kumuuliza fundi mmoja mzee kwa nini. Akanijibu: "Agro, iko muzima, nimefunga ili isilie kelele." Nikamwambia: "Papa, sasa hata kelele ya kutuonya hatutaisikia." Alicheka, lakini tulielewana. Waya ule hauvuti kitu chochote. Rayo iliyofungwa ni rayo iliyovunjika ambayo imenyamazishwa. Kitu kimoja tu waya unaweza kufanya kwa haki ni kuzuia kipande kisiingie kwenye breki au kwenye cheni mpaka ufike nyumbani, polepole, bila mtu nyuma.

Na hapa kuna mambo ya ofisi. Katika mradi mmoja niliofanyia kazi, mhasibu alikataa kusaini bon ya rayo sita, akisema pikipiki bado inatembea. Ilikuwa kweli, ilikuwa inatembea. Miezi miwili baadaye alisaini janti nzima, rayo 36, tairi, na siku tatu za pikipiki kulala garajini wakati wa kugawa mbegu. Wakulima walipanda kwa kuchelewa, na hakuna safu ya "rayo" kwenye ripoti ya mwisho wa msimu. Ninawaambia wanaoanza kazi: msiombe "matengenezo ya gurudumu". Andika idadi ya rayo zilizolegea, idadi ya zilizovunjika, upande gani, tarehe gani, na milimita ulizopima kwenye janti. Karatasi yenye namba inakataliwa kwa shida.

Dada mmoja wa promosheni yetu ambaye anafuatilia vikundi vya wakulima anapima kila Jumatatu asubuhi kabla ya kutoka. Mwanzoni mafundi walimcheka, "mama anapigia pikipiki muziki". Sasa wanamwita aje asikilize za kwao. Mara moja kwa wiki inatosha kwa kazi ya kawaida ya shamba, na kila baada ya kupiga jiwe au shimo ambalo lilikufanya useme neno. Gurudumu lililofungwa rayo mpya linataka zaidi: lipime baada ya safari ya kwanza kabisa, tena baada ya ya pili na ya tatu, juu rayo mpya zinakaa mahali pake taratibu na zikikaa zinalegea zote pamoja. Watu wengi wanabadilisha rayo, wanafurahi, wanasahau, na baada ya mwezi wanasema rayo za sikuizi ni mbovu.

Rayo ikikatika njiani, simama. Itoe, au ikunje kuizunguka jirani yake na kuifunga vizuri isipige breki wala cheni. Gonga zingine zote, juu ikivunjika moja kuna zingine karibu ambazo zimelegea. Kama ni moja tu katika 36 na zingine zinaimba, unaweza kurudi polepole na mzigo mwepesi. Kama ni mbili au tatu zimefuatana upande mmoja, shusha mtu, shusha mfuko, na kama uko juu ya mteremko wa Ngomo, sukuma kwa mguu mpaka kijiji kinachofuata. Ukifika kwa fundi, usimwambie "rekebisha gurudumu". Mwambie abadilishe rayo hizi, akaze zote kwa duru, akuonyeshe janti ikizunguka mbele ya waya, na kabla haujamlipa, chukua kle yako namba 8 ugonge zote mwenyewe, yeye akisikiliza.